Kuiandaa nyumba ya Mombasa kabla kusi haijaingia: mwongozo kamili

Mwishoni mwa Februari ukuta wa nyumba ya Mombasa huwa mkavu kuliko wakati mwingine wowote. Mvua za vuli zilikwisha mwezi wa Desemba, Januari na Februari ni miezi yenye mvua chache kabisa, na jua la kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini-mashariki, limeshaupika ukuta kwa wiki kadhaa. Ukavu huo haudumu. Aprili mvua za mwaka, yaani masika, zinaingia, Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, kusi, upepo utokao kusini, inashika kasi, na alfajiri moja mtu anaamka kuzima pangaboi na kujivutia leso. Kuziba paa, kupaka chokaa, kuanika magodoro na kukausha makabati ni kazi za kabla ya alfajiri hiyo. Rangi iliyopakwa Mei juu ya ukuta uliolowa itabambuka Agosti, hata iwe ya bei gani.

Kwa hiyo hesabu ya kazi ni hii: paa na gata (bomba la ukingoni linalopokea maji ya paa) zimalizike kabla ya Februari kwisha, kuta zipakwe wiki tatu za mwanzo za Machi, nguo na magodoro yaanikwe wiki ya mwisho ya Machi, na maji na mitaro iwe tayari Aprili inapoanza. Ukichelewa, ruka rangi kabisa kwa mwaka huu, ushughulike na paa na maji.

Upepo na jua vinavyogeuka

Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Ukiwa kisiwani, utaipata ikitokea upande wa Nyali na Shanzu. Kusi hutokea upande wa Likoni, na ufuo wa Mama Ngina ndiko inakohisiwa kwanza, kwa kuwa hapo hakuna cha kuuzuia upepo wa bahari kuu. Kati ya pepo hizo mbili kuna wiki chache, tangu mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, ambazo hewa husimama kabisa. Mabaharia huziita maleleji, au tanga mbili. Majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakangoja bandarini mpaka kusi ya kwanza ndipo yakarudi. Hakuna nahodha aliyetaka kuondoka na kusi ya Juni na Julai, kwani ni kali mno. Mwenye nyumba naye atumie maleleji kama nahodha alivyoyatumia. Siku hizo ni za jasho na watu hulala sakafuni, lakini ndizo siku za mwisho za kuanika kitu kikakauka sawasawa.

Kuujua upepo umefika wapi, funga kitambaa chepesi chenye urefu wa sentimita 30 kwenye mti wa antena au ukingo wa gorofa. Kitazame saa moja asubuhi, si alasiri. Alasiri upepo wa bahari huvuma karibu kila siku na utakudanganya. Kitambaa kikielekea kaskazini asubuhi tano mfululizo, yaani upepo unatoka kusini au kusini-magharibi, kusi imeingia. Utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei wa Idara ya Hali ya Hewa usomwe pia, kwa sababu kitambaa kinakuonyesha upepo wa leo tu, hakijui kama mvua zitachelewa.

Jua nalo lina habari yake, na mafundi wengi wa rangi hawaizingatii. Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Kiasi cha tarehe 10 Machi jua hupita wima juu ya vichwa, kama saa sita na nusu mchana. Kuanzia hapo linahamia kaskazini, na halirudi wima mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Maana yake, tangu Aprili hadi Septemba ukuta wa kaskazini hupigwa jua na ukuta wa kusini hukaa kivulini. Ukuta huohuo wa kusini ndio unaopigwa na upepo na mvua za kusi. Hauna jua na unamwagiwa maji: huo ndio ukuta wa kwanza kuota kuvu karibu katika kila nyumba ya mji huu. Uujue ukuta wako wa kusini kabla hujanunua hata kopo la rangi. Fedha ikiwa haba, yote iende hapo.

Kwa nini baridi ndogo huleta kuvu nyingi

Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 24. Julai mchana ni 27 au 28, usiku 20 au 21. Kwa mtu wa Limuru, kule bara kwenye baridi, hilo si baridi. Kwa nyumba, tofauti hiyo inatosha kuharibu kabati zima.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa iliyopoa. Chukua hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 65, ambayo ni hewa ya kawaida ya Mombasa mchana, uipoze hadi karibu nyuzi 25: mvuke wake huanza kugeuka matone. Hiyo ndiyo sababu chupa ya maji baridi hutoka jasho. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, chini ya godoro lililolazwa sakafuni, na pembeni mwa chumba ambako hewa haipiti, ukuta hupoa usiku na kubaki baridi hata mchana. Mvuke wa jikoni na wa bafuni unatua hapo. Si lazima uone maji. Unyevu wa hewa inayogusa ukuta ukikaa juu ya asilimia 75 au 80 kwa siku kadhaa, mbegu za kuvu, ambazo ziko kila mahali, huota.

Kipimo cha jambo hili kiko jikoni. Chumvi ya kawaida huvuta maji na kuanza kuyeyuka unyevu unapopita asilimia 75, na chini ya hapo hubaki kavu. Kaanga vijiko vinne vya chai vya chumvi laini kwenye kikaango kikavu kwa dakika tano, iache ipoe, kisha tia kijiko kimoja kimoja kwenye visosi vikavu vinne. Weka kimoja ndani ya kabati la nguo, kimoja chini ya kitanda, kimoja nyuma ya kochi kwenye ukuta wa kusini, kimoja stoo. Vitazame baada ya saa 24. Kisosi ambacho chumvi yake bado inamwagika kama mchanga, mahali pake pako salama. Kilicholowa kinakuonyesha pa kuanzia kazi. Rudia kila wiki tangu Machi hadi Juni, kwa chumvi iliyokaangwa upya kila mara.

Lakini usiiache chumvi kabatini ukidhani itakausha hewa. Ikishalowa haina kazi tena, na ikimwagikia nguo au chuma italeta kutu.

Paa

Paa la mabati lichunguzwe kwanza kutoka ndani. Ingia juu ya dari, chini ya mabati, saa sita mchana, zima taa, ziba madirisha, tazama juu. Tundu lisiloonekana ukiwa nje litang'aa kama nyota. Lizungushie alama ya chaki na upitishe waya mwembamba utokeze nje, ndipo fundi akipanda atajua ni wapi. Kupanda ni alfajiri, kabla ya saa mbili, kwa kuwa baada ya hapo bati huunguza. Akanyage kwenye mistari ya misumari tu, palipo na mbao chini.

Hewa ya chumvi huanza na misumari. Kofia ya msumari huliwa na kutu, mpira wake hukauka na kupasuka, na maji hufuata shina la msumari hadi kwenye mbao. Kuugongelea msumari wa zamani hakusaidii, maana tundu limeshapanuka. Ung'oe, uweke skrubu nene zaidi yenye mpira mpya. Tundu dogo kuliko punje ya choroko huzibwa hivi: sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, paka lami ya kuzibia, laza kipande cha kitambaa cha gunia juu yake, paka lami tena. Tundu kubwa linahitaji kiraka cha bati kinachozidi sentimita 10 kila upande. Lami pekee juu ya tundu kubwa hulainika na jua na kutobokea ndani.

Mvua ya kusi huja kwa kusukumwa na upepo, hivyo huweza kupanda juu. Bati la juu likiwa limelipanda la chini kwa sentimita 10 tu, maji hurudi nyuma na kuingia. Zinatakiwa sentimita 15 kwa uchache, na upande wa kusini 20. Unapoezeka upya, mdomo wa kiungo cha ubavuni uelekee kaskazini, upepo upite juu yake badala ya kuingia chini yake. Jambo hili halina gharama yoyote, ila fundi aambiwe kabla hajapiga msumari wa kwanza.

Makuti nayo yana sheria zake. Mwinamo uwe karibu nyuzi 45. Paa lililolala hushika maji na kuoza. Vunja ncha ya kuti mkononi: likisagika unga, limekufa, likipinda kwanza ndipo livunjike, lina mwaka mwingine. Penye mwanga, chomeka makuti mapya chini ya ya zamani, usiyalaze juu, kisha yafunge kwenye fito kwa kamba ya makumbi. Matawi ya mwembe yanayogusa makuti yakatwe mpaka ibaki nafasi ya mita moja au zaidi, ili paa likauke baada ya mvua. Upande wa kusini ukianza kuota ukijani, ufagie kwa ufagio laini, kuanzia juu kushuka.

Slabu, yaani paa bapa la zege, hudanganya. Haitoboki, hupasuka nyufa nyembamba kama uzi, na maji yakaonekana ndani mita mbili mbali na yalipoingia. Kuijaribu, ziba matundu ya kutolea maji, mwaga maji yafike kina cha sentimita 3, acha saa 24, tazama dari chini. Angalia chini ya tangi pia. Tangi lililokaa juu ya slabu huficha ufa na kuulowesha mwaka mzima. Ufa ukionekana, upanue kwa tindo uwe na upana wa sentimita 1, ufagie vumbi, uuzibe kwa dawa ya kuzibia inayonyumbuka. Saruji tupu hupasuka palepale jua la kwanza likitoka.

Jaribio hilo la kumwaga maji usilifanye kamwe kwenye nyumba za mawe na boriti za Mji wa Kale. Sentimita 3 za maji ni kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na boriti iliyoliwa na mchwa kwa ndani haionyeshi dalili yoyote. Huko pigapiga boriti kwa mpini wa nyundo. Ikilia kama ngoma, mwite fundi wa boriti kabla hujamtafuta wa paa.

Gata na mitaro

Mwarobaini hupukutisha majani yake wakati wa ukame, na Mombasa imejaa miarobaini. Majani hayo madogo hujaa kwenye gata tangu Februari, yakingoja mvua ya kwanza yageuke uji mzito wa kuziba bomba. Safisha gata mara mbili: mwisho wa Februari, na tena baada ya mvua ya kwanza. Kisha mimina ndoo ya maji upande wa juu. Yanatakiwa kwisha yote ndani ya dakika moja. Yakituama, mwinamo umekufa. Inua vishikilio mpaka gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita 2.

Chini, udongo unaozunguka nyumba ushuke kiasi cha sentimita 5 ndani ya mita ya kwanza kutoka ukutani. Watu humwaga kifusi na mchanga wa ujenzi palepale ukutani, maji yakarudi msingini. Mtaro uzibuliwe mpaka mwisho wake, hata kama mwisho huo uko mbele ya nyumba ya jirani. Kuuzibua nusu ni kumpelekea jirani mafuriko.

Kuta

Kabla ya kupaka chochote, ujue unyevu unatoka wapi. Kata karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya, iache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, baina ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani: tafuta bomba linalovuja, paa, au msingi. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani: dawa yake ni kupitisha hewa. Pande zote zikiwa kavu, paka.

Penye unga mweupe wa chumvi, fagia kwa brashi kavu na uuzoe. Ukiosha kwa maji, chumvi huyeyuka, hurudi ndani ya ukuta, na hutoka tena maji yakikauka.

Nyumba za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale zilijengwa kwa chokaa, na hazina budi kutunzwa kwa chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Ukiufunika kwa plasta ya saruji, au kwa rangi ya mafuta inayong'aa, unyevu unakosa pa kutokea; unarundika chumvi nyuma ya saruji mpaka plasta inatuna na kuanguka kwa mapande. Kisha fundi huja na saruji nyingi zaidi. Nyumba ngapi zimemalizwa hivyo, kwa nia njema kabisa! Kiraka cha plasta kiwe cha chokaa kipimo 1 na mchanga safi vipimo 3, mchanga usio wa pwani kwa kuwa ule una chumvi. Kipakwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 1, na kila tabaka ingojewe siku kadhaa. Na kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, ukitaka kubadili sura ya mbele ya nyumba, pata ruhusa kwanza.

Kupaka chokaa chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kunahitaji karibu kilo 10 za chokaa iliyozimwa ya mfuko, kwa mipako mitatu. Iloweke usiku kucha, kilo 1 kwa lita 2.5 za maji, kisha ichuje kwa chandarua. Inatakiwa iwe nyepesi kama maziwa. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaipaka nzito kama uji ili wamalize kwa mpako mmoja, ikikauka inapasuka na kuchafua kila bega linalopita. Nyunyizia ukuta maji uwe na unyevu kidogo, paka nyembamba utadhani hujapaka kitu, ngoja siku moja, rudia. Weupe huja siku ya pili na ya tatu. Paka upande usio na jua kwa saa hiyo, maana chokaa iliyokaushwa ghafla haishiki. Kuna watu hutia chumvi ndani ya chokaa ili ishike. Huku pwani usifanye hivyo, utakuwa umeupa ukuta kitu cha kuvutia unyevu.

Kama umenunua chokaa ya mawe isiyozimwa, tia chokaa ndani ya maji polepole, usimwage maji juu ya chokaa. Huchemka na kuruka. Vaa miwani na glavu, na watoto wawe mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukoma, kisha hospitali.

Nyumba za matofali ya saruji hazina dhiki nyingi hivyo. Ziba nyufa zinazozunguka fremu za madirisha ya upande wa kusini kwa silikoni, na hakikisha chini ya kizingiti cha nje kuna mchirizi mdogo, ili tone lidondoke badala ya kutambaa kurudi ukutani. Rangi ya nje iwe ya maji, isiyo ya mafuta.

Nguo, magodoro na makabati

Siku ya kuanika, toa kila kitu kabatini, hata karatasi iliyotandikwa chini. Futa mbao kwa kitambaa kilicholoweshwa siki nyeupe isiyochanganywa na maji, acha milango wazi kutwa nzima pangaboi likizunguka. Anika nguo kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Nguo za rangi ya giza, buibui na suti zipinduliwe ndani nje zisipauke. Magodoro ya sufi na ya pamba yanataka siku mbili, yakigeuzwa saa sita, na yapigwe kwa fimbo. Ya sponji yaanikwe kivulini penye upepo, kwani jua kali huyavunja.

Sasa hatua inayorukwa: usizirudishe nguo zikiwa na joto la jua. Zikikunjwa moto na kufungiwa, hupoa humohumo na mvuke wake unatua kwenye kitambaa. Zitandaze ndani ya nyumba saa moja au mbili mpaka zisiwe na joto mkononi. Nguo iliyovaliwa mara moja tu, hata ikionekana safi, ifuliwe kabla ya kuhifadhiwa. Jasho na mafuta ya mwili ndicho chakula cha kuvu. Kanzu hazistahili wanga mwingi zikienda kulazwa miezi mitatu, kwani wanga nao huliwa.

Kabati lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani, na liinuliwe sentimita 5 juu ya vipande vya mbao. Likiwa kwenye ukuta wa kusini, lihamishie mwingine mpaka Septemba. Usilijaze, mkono ukipita baina ya nguo bila kusukuma, hewa nayo itapita. Karafuu na udi vinapendeza na hufukuza harufu, ila havikaushi kitu. Kukausha, tumia vifuko vya silika vinavyobadilisha rangi vikishiba, uvirudishie nguvu kwa kuvipasha moto kama vilivyoelekezwa.

Maji, mbu, na jikoni

Mvua za mwaka ni neema kwa mji ambao mifereji yake hutoa maji kwa zamu. Mita moja ya mraba ya paa ikipata milimita 1 ya mvua hutoa lita 1. Paa la mita 6 kwa 10 likipata milimita 20 ni lita 1,200. Toa sehemu moja ya tano inayopotea, unabaki na 960. Maji ya kwanza yasiingie tangini, kwa maana yamebeba vumbi, kinyesi cha kunguru na kutu ya miezi mitatu. Kwa paa hilo mwaga lita 60, yaani jerikeni tatu za lita 20, kila mvua ikinyesha baada ya siku kadhaa za ukavu. Ya paa la makuti yawe ya kufulia na kumwagilia tu.

Maji ya kunywa yachemshwe. Au yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yatiwe klorini: dawa ya kufulia isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, mililita 60 kwa lita 1,000, ukoroge na kungoja dakika 30. Maji ya visima yatiliwe shaka zaidi wakati huu, kwa kuwa maji ya mvua hupenya hadi kwenye vyoo vya shimo na kurudi kisimani.

Mbu wa dengue na chikungunya huzaliana ndani ya ndoo, vyungu vya maua na matairi uani, na huuma mchana. Mombasa ilipigwa na dengue mwaka 2013 na tena 2021, na chikungunya mwishoni mwa 2017. Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hugandishwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na huvumilia ukavu kwa miezi, yakingoja mvua. Yasugue kwa brashi ngumu sasa, kabla ya Aprili, kisha mwaga maji yote yaliyotuama kila Ijumaa au siku nyingine utakayoishika. Yai huhitaji kiasi cha wiki moja au zaidi kuwa mbu. Mtu akipata homa kali na maumivu ya viungo msimu huo, apewe parasetamoli na kupelekwa kupimwa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki vizuiwe mpaka ijulikane kama ni dengue, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu.

Jikoni: unga ugandishwe kwenye friza siku nne kabla ya kuwekwa ndani ya chombo kinachobana, mayai ya vidudu yatakufa. Uache ufikie joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, la sivyo utatoka jasho na kuganda. Viungo vinunuliwe vya wiki mbili tu. Ng'onda (samaki wa kukaushwa) na papa mkavu viingizwe ndani kila jioni, na kipande kilichoota kuvu kitupwe chote. Samaki wabichi nao huadimika na kupanda bei kusi ikichafua bahari, kwani ngalawa na mitumbwi hubaki upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe.

Juni, kuvu ikitokea hata hivyo

Kuvu kavu isisuguliwe kwa brashi kavu. Mbegu zitaruka chumba kizima, na mwenye pumu atalipia usiku huohuo. Fungua madirisha, funika pua na mdomo kwa barakoa, lowesha doa kwanza. Juu ya ukuta wa saruji na vigae, tumia dawa ya kufulia ya klorini kipimo 1 kwa maji vipimo 10, iache dakika 15, sugua, suuza. Juu ya mbao tumia siki, uiache saa moja. Usichanganye klorini na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi. Hewa itokayo hapo huunguza mapafu.

Fungua nyumba kati ya saa nne na saa tisa siku zisizo na mvua, na uifunge jioni. Bafuni na jikoni mlango wa ndani ufungwe na dirisha la nje liachwe wazi kwa nusu saa baada ya kuoga au kupika. Mtoto afunikwe shuka nyepesi alfajiri, na pangaboi lielekezwe ukutani lisimpige kifuani.

Doa likirudi mahali palepale ndani ya wiki mbili, acha kusugua. Rudisha kile kipande cha plastiki ukutani, ungoje siku mbili, uone maji yako upande gani.